Cheti Nilichomwandikia Holo

Katika mwezi wa nne wa kazi yangu nilimwandikia bibi mmoja cheti cha kuthibitisha kwamba yeye si mchawi. Nilikipiga kwa taipureta, nikakirudia mara tano kwa sababu pambizo la kushoto lilikataa kulingana na la kulia, nikaweka muhuri na sahihi mbili. Kilikuwa kizuri. Naanza nacho kwa sababu ninyi wawili mnaobaki hapa Nyumbani mtasikia habari zake kwa watu, na kila anayezisimulia ananifanya niwe mjinga zaidi au mwema zaidi kuliko nilivyokuwa.

Nastaafu nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Najua neno hilo halilingani na umri wangu. Baba yangu mdogo alitumikia ushirika mpaka wanunuzi binafsi wa pamba walipoingia na malori yao, akapunguzwa akiwa na mvi kichwa kizima, na hata yeye hakuthubutu kujiita mstaafu. Mimi nimepunguzwa kwa barua ya wafadhili inayosema nafasi yangu haihitajiki katika awamu mpya. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kosa la chapa. Halimo.

Kazi hii sikuisomea. Niliishia darasa la saba kule Lalago, na taipureta nilijifundisha kwa kitabu kilichokosa kurasa za mwisho, ndiyo maana mpaka leo herufi nazipiga bila kutazama lakini tarakimu nazitafuta kwa macho. Mambo ya ustawi wa jamii niliyaokota kwenye vijitabu vya semina ambazo mimi sikualikwa. Nilikuwa na hofu kwamba siku moja mtu aliyesoma atafika kutoka mjini, ataniuliza swali moja tu, na nitajulikana. Hofu hiyo niliifanyia dawa ya kuwa nadhifu. Kama majalada yamepangwa vizuri, nilifikiri, hakuna atakayeuliza.

Nyumba yetu hii ya Bariadi, kama mnavyojua, ilikuwa ghala la pamba. Siku ninaingia bado kulikuwa na nyuzi nyeupe kwenye nyufa za ukuta, na upepo ukivuma zinatoka moja moja zinakaa kwenye ugali. Walikuwamo wanawake kumi na mmoja, wote wazee, wote wamefukuzwa vijijini mwao kwa kushukiwa uchawi. Wengi macho yao yalikuwa mekundu, na macho mekundu huku kwetu ni ushahidi tosha. Yanatokana na kuinamia moto wa samadi kavu na vijiti vya pamba miaka hamsini. Kila mtu anajua hivyo. Mama yangu mzazi anayo. Lakini anayejua hivyo vizuri kabisa, mtoto wake akifa ghafla, anasahau anachokijua.

Nilifika na fomu niliyoitunga mwenyewe, maswali ishirini na sita. Msimamizi alikuwa Mayu Kabula, mama wa makamo mwenye mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote. Aliitazama ile fomu mbele na nyuma, akanirudishia.

"Unajua kusonga ugali?"

"Kidogo, mayu."

"Basi anza na hicho kidogo."

Sikumsikiliza. Niliketi na kalamu mbele ya bibi wa kwanza aliyekuwa karibu na mlango. Swali la tatu lilikuwa: Umefikaje hapa?

"Kwa miguu, baba," akanijibu.

Wenzake wakaangua kicheko. "Mwandikie miguu miwili," mmoja akasema, "asije akafikiri tuliruka." Wakacheka zaidi, mpaka mmoja akakohoa akapigwa mgongo. Mimi nilikuwa nimeshaandika "miguu" na sikujua kama natakiwa kufuta.

Niwaungamie na hili: wiki nzima ya kwanza sikunywa maji yao. Nilikuwa nimekuja kuwatetea, na sikunywa maji yao. Nilisema nimefunga. Siku ya nne Mayu Kabula akaniuliza mbele ya wote, "Umefunga kwa dhehebu gani, karani? Maana mkate wako unaula nyuma ya choo." Nikanywa. Nikasubiri. Jioni tumbo likauma, na mpaka leo sijui kama liliuma kwa maji au kwa kusubiri.

Mayu Kabula ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa hakuwahi kukaa chini kunifundisha. Mtu akifika, siku tatu haulizwi kitu. Anapewa kisu na mboga, au anapewa ungo, kwa sababu mikono ikiwa na kazi mdomo unafunguka wenyewe. Ukitaka kumuuliza, usimuulize nani alimfukuza, maana hilo watu wote watakuambia bila kuulizwa, hata wewe usipotaka. Muulize ni nani alikuwa akija kuomba moto kwake asubuhi, na yeye akizimikiwa alikuwa akienda kwa nani. Huyo ndiye mlango wa kurudia. Nililiandika swali hilo pembeni ya fomu kwa penseli, kwa sababu halikuwa na kisanduku chake.

Holo ng'wana Jilala, yaani binti Jilala, alikuja mwezi wa pili wa kazi yangu. Mjane, mrefu, mkali wa maneno, anatoka kijiji kimoja upande wa Mwamapalala ambacho sitakitaja. Mtoto wa Maduhu, Maduhu huyu akiwa mtoto wa shemeji yake, alikuwa amekufa kwa homa ya siku mbili. Mganga akasema adui ni mwanamke anayekaa upande jua linakozamia. Kesho yake Holo alitoka nje akakuta mafiga yake matatu yameng'olewa na kutupwa njiani. Hakuna aliyempiga wala aliyemtukana. Alielewa kwamba amefukuzwa. Alichukua chungu na jembe, akaondoka.

"Jembe la nini, mayu, kwenye safari kama hiyo?" nilimuuliza.

"Ulitaka nije na kiti?"

Alichokitaka kilikuwa kimoja: arudi kabla ya mvua za kwanza apande karanga kwenye shamba lake. Miaka hiyo kila mwenye nguvu alikuwa akipanua pamba, maana wanunuzi walikuwa wengi na kila mmoja anatangaza bei yake. Shamba la mtu asiyekuwepo lilionekana kama shamba lililoachwa. "Akilima Maduhu msimu mmoja," Holo alisema, "msimu wa pili wataniuliza mimi ni mgeni kutoka wapi." Kila asubuhi alitoka nje akitazama mawingu kama mtu anayesubiri gari.

Wazo la cheti nililipata gulioni. Mnunuzi mmoja wa pamba alifika na mzani wake, watu wakamzunguka kwa wasiwasi, wakamuuliza yeye ni nani. Akatoa leseni mfukoni, akaikunjua, wakampisha. Ndivyo mambo yalivyokuwa siku zile: kila kitu kimefunguliwa, na kila mlango uliofunguliwa una mtu anayeomba karatasi. Nikafikiri, kama karatasi inaweza kumfanyia hivyo mtu ambaye hakuna anayemjua, itamfanyia nini Holo anayejulikana na kijiji kizima?

Nilipomaliza nilimpelekea Mayu Kabula aweke sahihi ya pili.

"Hii inasemaje?"

"Inasema Holo si mchawi."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Uchawi hauna..." Nikaanza kueleza nilivyosoma.

"Nimekuuliza wewe umejuaje."

Nikanyoosha pembe za karatasi. Naye akaweka sahihi. Hili ndilo linalonisumbua. Miaka kadhaa baadaye nilimuuliza kwa nini alisaini kama aliona kasoro. Akasema, "Ulikuwa unatetemeka, karani. Na mimi pia nilitaka kazi irahisike." Sijui kama huo ulikuwa msamaha au lawama.

Nikamrudisha Holo kijijini, na mtendaji akakisoma cheti kwa sauti mbele ya mkutano. Mzee mmoja akapiga makofi na wengine wakafuata. Maduhu mwenyewe alikuja akagusa muhuri kwa kidole, akanusa kidole. Holo akaingia kwake, akarudisha mafiga, akawasha moto. Mvua ikaja baada ya siku tisa na karanga zilikuwa ardhini. Nilirudi Bariadi kwa baiskeli nikiimba. Niliandika taarifa ya kurasa sita, wafadhili wakaisifu, na nikaanza kutengeneza cheti cha mfano chenye nafasi tupu ya jina.

Wiki ya tano akaja Nyanzobe. Bibi mfupi, chungu kichwani, fimbo mkononi, anatoka kijiji kilekile.

"Mwangaluka, baba. Nimefuata cheti."

"Cheti cha nini, mayu?"

"Kama cha Holo. Mwenyekiti amesema kila mwanamke mzee alete chake."

"Na asiyekuwa nacho?"

"Si mimi huyu hapa?" Akashusha chungu. "Mwaka jana hakuna aliyeniuliza kitu. Ng'ombe wa Maduhu amekufa juzi, wakasema Holo siyo, ana karatasi. Wakageuka wakanitazama mimi. Andika upesi, mguu unaniuma na nimeacha kuku."

Nilimuuliza lile swali la penseli, kwa woga tu, kwa kuwa sikujua niseme nini. Alikuwa akienda kuomba moto kwa nani?

"Kwa Holo. Na yeye kwangu. Miaka thelathini sasa."

Nawaambia nilichofanya, na sioni sababu ya kukificha kwa kuwa mashine ingali pale na mngeweza kuiuliza. Nilikwenda nikaingiza karatasi. Nilikuwa nimeshapiga neno "CHETI" na naanza kuweka nafasi ili likae katikati, Mayu Kabula akaweka mkono wake mzima juu ya rola.

"Ukimwandikia huyu utawaandikia wilaya nzima," akasema. "Na yule wa mwisho, ambaye utepe wako utakuwa umekwisha wino, huyo watamwua."

Niliondoka nikaenda nyuma ya ghala. Nilijaribu kufikiri ni wapi hasa nilipokosea, kama mtu anayetafuta mstari wenye kosa ili afute huo tu. Sikuupata. Maneno yote ya cheti yalikuwa ya kweli. Nilikuwa nimesema kweli juu ya mtu mmoja, na kweli hiyo ilikuwa imemtoa jirani yake nyumbani. Sielewi mpaka sasa namna ya kulipanga jambo hilo likae sawa kichwani.

Tuliondoka asubuhi ya pili, Mayu Kabula, Nyanzobe na mimi, baiskeli ikibeba chungu. Nilitaka tuanzie kwa mwenyekiti. Mayu Kabula akapita ofisi ya kijiji kama haioni, akaenda moja kwa moja kwa Holo.

Holo alikuwa akipalilia karanga. Alinyanyuka akatutazama, hakusalimia.

"Umerudi bila?" akamuuliza Nyanzobe.

"Karani wako kaishiwa."

"Hm." Akafuta jembe kwa mguu. "Nilikuona siku ile unapita na chungu. Nilikuwa ndani. Sikukuita."

"Najua. Niliona moshi."

"Nilikuwa na cheti changu kwenye kopo la chai, kimekunjwa. Nikasema nikitoka nikasimama na wewe kitaishiwa nguvu."

Nyanzobe akakaa chini kwenye tuta, akaanza kuchuna mguu wake miiba. "Palizi yako mbaya," akasema. "Umeacha magugu kama mtu mwenye cheti." Holo akacheka kwa pua, halafu akageuka upande wa pili. Mayu Kabula akanishika mkono tukaenda kuokota kuni ambazo hazikuhitajika.

Mkutano ulikuwa kesho yake mchana, kwenye uwanja wa kununulia pamba, watu wamekaa juu ya magunia matupu. Nilikuwa na hotuba ya kurasa tatu. Mwenyekiti, mtu mpole kusema kweli, ambaye naye alikuwa akijaribu kutimiza utaratibu aliofikiri umetoka serikalini, akamwambia Holo aonyeshe cheti ili wengine waone kinavyotakiwa kuwa.

"Sinacho," Holo akasema.

"Kimepotea?"

"Nimewashia moto asubuhi. Kimewaka vizuri, karatasi nzuri ile."

Wengine wakacheka, wengine wakaguna. Mwenyekiti akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Kwa hiyo sasa mimi na Nyanzobe tuko sawa," Holo akaendelea. "Kama mnang'oa mafiga, ng'oeni kwetu sote wawili, na tutaondoka wawili. Lakini mwelewe mtakuwa mmebakiza nani wa kuzalisha wake zenu. Maduhu, wewe mwenyewe ulishikwa na mikono hii ukitoka. Ulikuja na miguu mbele, mjinga kama ulivyo hadi leo."

Hapo hakuna aliyecheka. Maduhu alikuwa amesimama karibu na mzani. Nilimwogopa. Nilikuwa nimemwandika kwenye taarifa zangu kama mtu mwenye tamaa ya shamba, na nilingoja atende kama nilivyomwandika. Akasema tu, polepole, "Mtoto wangu alikufa." Akarudia. Hakusema aliuawa. Holo akamjibu, "Alikufa, baba. Nilimbeba mimi tukimpeleka zahanati, umesahau?" Maduhu akatikisa kichwa, sikujua ni kwa kukubali au kwa kukataa, akaondoka uwanjani.

Mkutano haukuamua kitu. Nasema hivi kwa sababu watu wanapenda kusimulia kwamba kijiji kilibadilika siku ile. Mwenyekiti alifunga kwa kusema kila mtu arudi shambani, mvua haisubiri. Tukabaki na Mayu Kabula siku nne kwa Holo. Siku ya kwanza hakuna aliyekuja, na ya pili pia. Mimi nilikuwa nahesabu nyayo njiani, nasafisha baiskeli, naandika na kufuta. Mayu Kabula alichambua mlenda. Siku ya tatu asubuhi mama mmoja, mke wa kiongozi wa sungusungu, alisimama nje ya boma na kigae mkononi.

"Ng'wana Jilala, moto wangu umezimika."

Ulikuwa haujazimika. Kutoka tulipokaa tuliona moshi wake unapanda vizuri kabisa. Holo naye aliuona. Akampa kaa, akamwambia asimwage njiani.

Kwa nini alikuja? Nimeuliza wote. Mayu Kabula alisema ni kwa sababu tulikaa na hatukumwomba mtu kitu. Nyanzobe alisema ni umbea, mama yule alitaka kuona kama mgeni wa Holo ni mume mpya, yaani mimi. Holo alisema, "Alikuwa mjamzito. Hukunisikia nikitaja wa kuzalisha?" Yawezekana ni yote matatu. Ningependa kuwapa ninyi jibu moja mkaliweka kwenye semina, na nimejaribu kuliandika, lakini kila ninapoliandika linageuka kuwa cheti kingine.

Kwa miaka iliyofuata nilifanya kesi nyingi, nyingine ngumu kuliko hii. Kuna bibi wa upande wa Lagangabilili aliyekataa kabisa kurudi. Alisema kwao ni hapa ghalani, akajifunza kusuka mikeka na kufokea wageni wa wafadhili. Nilimwandika kama aliyeshindwa kurejea. Mayu Kabula alipoona akaniuliza ni nani aliyeshindwa, nikafuta, nikaacha pakiwa patupu, na patupu pamebaki. Mayu Kabula naye aliacha kazi miaka miwili iliyopita, magoti yakamkatalia. Nilipomwendea kumwambia nimepunguzwa, alikuwa akipukuchua mahindi. Akasogeza ungo upande wangu, tukapukuchua. Hakunipa neno la kuagia. Nilikuwa na kalamu mfukoni kwa ajili hiyo.

Fomu ya maswali ishirini na sita bado iko kabatini, sasa ina maswali manne. Msiiongeze. Mtu akija na wazo zuri, nadhifu, linaloweza kunakiliwa kwa wilaya nzima, mwacheni kwanza asonge ugali.

Yaliyobadilika tangu mwanzo wangu ni haya. Nyumba haitoi cheti, barua wala karatasi ya aina yoyote kwa mtu anayerudi kwake. Anayerudi husindikizwa na mmoja wetu, na huyo hukaa naye kijijini mpaka jirani aje mwenyewe bila kuitwa, hata ikichukua wiki tatu. Mara mbili hakuna aliyekuja, tukarudi nao. Waliomo ghalani leo ni wanne. Holo na Nyanzobe walilima shamba lile pamoja kila msimu tangu mwaka ule. Mwaka huu Nyanzobe amelima peke yake, kwa sababu Holo alifariki mwezi wa pili, kwake, kitandani pake, na kaburi alichimba Maduhu.